Kaburi la Mfasiri: Tahakiki ya Makaburi Mawili ya Kanisa la Santa Croce

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuchukua riwaya, tamthilia au diwani, tukaichambua kwa kuzingatia fani na maudhui, kisha tukatoa hukumu yetu. Safari hii tumechagua kazi ambayo haikuandikwa kwenye karatasi. Ni makaburi mawili ya marumaru yaliyomo ndani ya kanisa la Santa Croce, mjini Florence, nchini Italia. Yalichongwa katikati ya karne ya 15, katika kipindi ambacho wanahistoria wanakiita Renaisansi, yaani Mwamko wa Ulaya, pale wanazuoni wa Italia walipoanza kuvifufua kwa bidii vitabu na sanaa za Wayunani na Warumi wa kale.

Msomaji ana haki ya kuuliza: makaburi ya Italia yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba waliozikwa humo hawakuwa wafalme wala majemadari. Walikuwa watu wa kazi yetu. Leonardo Bruni, aliyefariki mwezi Machi 1444, na Carlo Marsuppini, aliyefariki mwezi Aprili 1453, walikuwa wanafunzi wa lugha kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wote wawili walijifunza Kiyunani, wakafasiri vitabu vya Kiyunani kwa Kilatini, na wote wawili wakapewa, mmoja baada ya mwingine, cheo cha chansela wa Jamhuri ya Florence. Chansela ndiye aliyesimamia barua zote ambazo serikali iliwaandikia wafalme, mapapa na miji mingine. Kwa maneno mengine, ni mtu aliyelipwa kwa sababu ya ufasaha wake.

Si mara nyingi mtu wa lugha hujengewa kaburi la namna hiyo. Mara nyingi hupata hotuba fupi, tangazo gazetini, na baada ya miaka michache jina lake hubaki katika jalada la kamusi ambayo wenzake wanaendelea kuitumia. Kwa hiyo hapa tunapata nafasi adimu ya kuuliza swali ambalo ni letu pia: mtu aliyeitumikia lugha aheshimiwe vipi, na kwa lugha gani?

Hoja yetu ni kwamba kaburi la aina hii ni tafsiri. Mchongaji anachukua maisha ya mtu, ambayo yalikwenda kwa maneno na vitendo, anayasimulia upya kwa jiwe. Na kwa kuwa Bruni mwenyewe aliandika kitabu kuhusu namna sahihi ya kufasiri, si vibaya tukampima mchongaji wake kwa mizani ya marehemu.

Mizani ya Bruni

Bruni alizaliwa Arezzo, mji wa jirani na Florence, yapata mwaka 1370. Alikuwa akisomea sheria wakati mwalimu mmoja kutoka Konstantinopoli, Manuel Chrysoloras, alipoitwa na serikali ya Florence kufundisha Kiyunani kuanzia mwaka 1397. Bruni mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyojihoji. Walimu wa sheria, alijiambia, wako kila mahali na hawataisha. Lakini mwalimu wa Kiyunani alikuwa mmoja tu, na akiondoka hakuna atakayejua atampata wapi mwingine. Akaiacha sheria. Walimu wengi wa lugha wanaosoma tahakiki hii watayaelewa mashaka ya kijana huyo, kwa maana wazazi na jamaa huuliza swali hilohilo hadi leo: utakula nini na lugha?

Alipata cha kula. Alikuwa katibu wa mapapa, kisha chansela wa Florence kwa muda mfupi mwaka 1410 hadi 1411, na tena kuanzia 1427 hadi kufa kwake. Alifasiri Maadili na Siasa za Aristotle, majadiliano kadhaa ya Plato na maisha kadhaa ya mashujaa yaliyoandikwa na Plutarch. Aidha, aliandika historia ya watu wa Florence katika vitabu 12, kwa Kilatini.

Tafsiri yake ya Maadili ilizua ugomvi, kwa sababu aliwashutumu hadharani wafasiri waliomtangulia. Kosa lao kubwa, alisema, ni kwamba walishindwa kupata maneno ya Kilatini wakaacha maneno ya Kiyunani yakikaa katikati ya sentensi kama wageni wasiokaribishwa. Hoja hiyo haitofautiani sana na mijadala yetu kuhusu istilahi: tukope, tutohoe, au tutafute neno letu lililo kabatini? Katika miaka ya 1420 alijibu wapinzani wake kwa risala fupi juu ya tafsiri sahihi. Masharti yake tunaweza kuyafupisha hivi. Kwanza, mfasiri aijue vema lugha anayotoka na aijue vema zaidi lugha anayokwenda. Pili, asiongeze wala asipunguze. Tatu, na hili ndilo jipya kwa wakati wake, asitosheke na kuhamisha maana tu. Ahamishe pia mwendo wa sentensi, mapigo yake na hadhi yake, kwa sababu mwandishi aliyeandika kwa uzuri akifasiriwa kwa ubovu amedhulumiwa.

Tukiwa na masharti hayo matatu mkononi, na tuingie kanisani.

Kaburi la Bruni

Santa Croce ni kanisa la watawa Wafransisko, lililoanza kujengwa mwaka 1294. Sakafu yake imejaa mabamba ya makaburi. Watu walizikwa chini ya miguu ya waumini, na karne nyingi za nyayo zimezifuta sura nyingi zilizochongwa juu ya mabamba hayo hata pua na macho havionekani. Lorenzo Ghiberti, aliyetengeneza milango maarufu ya shaba ya mahali pa ubatizo pa mji huo, amelala chini ya bamba la namna hiyo. Ukishaitazama sakafu ndipo unapoelewa maana ya kuzikwa ukutani. Aliyeko ukutani hakanyagwi.

Kaburi la Bruni liko ukutani, upande wa kulia wa anayeingia kwa mlango mkuu. Lilichongwa na Bernardo Rossellino, aliyezaliwa mwaka 1409, na kazi hiyo ilifanyika katika miaka michache baada ya mazishi. Muundo wake ni mwepesi kuueleza. Nguzo bapa mbili zenye mifereo zinasimama kila upande, na juu yake kuna tao la nusu duara, kama lango la ushindi la Warumi wa kale. Ndani ya lango hilo kuna sanduku la marumaru. Juu ya sanduku, tai wawili wamebeba kitanda cha maiti, na juu ya kitanda amelala Bruni, amevaa taji la majani ya mlaureli, mikono yake imeshika kitabu kifuani. Nyuma yake ukuta umefunikwa kwa mabamba matatu ya jiwe jekundu, matupu, yasiyo na mchoro wowote. Katika nafasi iliyo chini ya tao kuna duara lenye Bikira Maria na mtoto Yesu, na malaika kila upande. Juu kabisa ya tao, vitoto viwili vimeshika ngao yenye simba.

Tukianza na maudhui, sanamu hii haikubuniwa hewani. Bruni alipofariki, serikali iliamuru azikwe kwa heshima za taifa. Maiti yake iliwekwa hadharani na kitabu chake cha historia kikawekwa kifuani, na mwanazuoni mwenzake, Giannozzo Manetti, akatoa hotuba ndefu na kumvika taji la mlaureli kichwani, kama walivyofanyiwa washairi wa kale. Kwa hiyo Rossellino ameisimamisha siku moja. Mtu aliyekuja kanisani miaka 10 baadaye aliweza kuona mazishi yaleyale yakiendelea, kimya kimya.

Sasa fani. Tunachokiona kwanza ni uchumi wa mapambo. Yapo mapambo, tena ya hali ya juu: makoja ya maua na vitoto kwenye ukanda wa chini, mabawa ya tai, maua ya vichwa vya nguzo. Lakini kila pambo lina mahali pake na halitoki nje ya mstari. Hakuna kitu kinachovuka nguzo. Jicho linaingia langoni, linapanda hadi kwenye uso wa marehemu, na pale linatulia, kwa sababu nyuma ya uso huo hakuna kitu cha kulivuta isipokuwa jiwe jekundu. Kitanda nacho kimeinamishwa kidogo kuelekea kwa mtazamaji, ili aliyesimama sakafuni auone uso. Yale mabamba matatu matupu ndiyo tunayoyaona kuwa ujasiri mkubwa wa Rossellino. Katika ushairi tungesema ni kituo. Mshairi anayejua kazi yake anajua mahali pa kunyamaza.

Kuna pia maandishi kwenye sanduku, yaliyoshikwa na viumbe wawili wenye mabawa wanaoruka. Ni mafupi, kwa Kilatini. Yanasema kwa ufupi kwamba tangu Leonardo aondoke duniani historia imo katika maombolezo, ufasaha umekuwa bubu, na inasemekana miungu wa kike wa sanaa, wa Kiyunani na wa Kilatini, hawakuweza kuyazuia machozi. Basi. Hayataji cheo. Hayataji mwaka wa kuzaliwa wala wa kufa. Hata jina la ukoo halimo. Aliyeyatunga aliamini kwamba Leonardo mwenye kuliliwa na ufasaha ni mmoja tu. Tazama pia jinsi lugha mbili zilivyowekwa bega kwa bega katika kilio hicho: Kiyunani alikotoa, na Kilatini alikopeleka. Maisha yote ya mfasiri yamo katika maneno machache.

Kaburi la Marsuppini

Ukivuka kanisa kwenda upande wa kushoto unalikuta kaburi la Marsuppini likilitazama la Bruni. Lilichongwa na Desiderio da Settignano, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 na kitu kazi ilipoanza, na aliyefariki mapema mwaka 1464, mwaka uleule aliofariki Rossellino. Hapana shaka Desiderio aliangalia kaburi la upande wa pili kabla hajashika patasi. Muundo ni uleule: nguzo mbili, tao, sanduku, kitanda, marehemu mwenye kitabu, Bikira Maria katika duara. Ni kama shairi la kujibizana, ambapo mshairi wa pili anachukua bahari ya wa kwanza ili aoneshe kwamba anaimudu.

Naye anaimudu kwelikweli. Sanduku lake halina pembe kali. Limejipinda kama kitu kilicho hai, limesimama juu ya nyayo za simba, na majani yamelizunguka kana kwamba yanaota. Chini yake kuna kombe la baharini lenye mabawa. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, aliyasifu mabawa hayo kwamba yanaonekana kuwa ya manyoya na si ya marumaru. Ukuta wa nyuma una mabamba manne badala ya matatu. Watoto wawili wamesimama na ngao mbele ya nguzo, nje kabisa ya mpaka wa lango, kama watoto wa jirani waliokuja kuchungulia matanga. Juu ya nguzo vijana wawili wamesimama wakishika koja refu linalopita juu ya tao na kushuka pande zote mbili. Marumaru mikononi mwa Desiderio imekuwa laini kama unga uliokandwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hapa vimeundwa na fundi hodari kuliko yule wa ng'ambo. Hilo tunalikubali bila kusita.

Hata hivyo, tunapouliza kaburi hili linasema nini, tunapata taabu. Jicho halijui pa kutulia. Linaanzia kwa mtoto mwenye ngao, linakwenda kwenye kombe, linapanda na majani, linafuata koja hadi juu, na marehemu anapitwa njiani. Maandishi nayo yamepaza sauti. Yanamwamuru mpita njia asimame. Yanamwambia kwamba marumaru hii inahifadhi mshairi mkubwa ambaye dunia haikuitosha akili yake, aliyejua yote, ya maumbile, ya mbinguni na ya desturi za watu. Kisha yanawaamuru miungu walewale wa Kiyunani na wa Kilatini wafungue nywele zao kwa msiba.

Marsuppini alikuwa nani? Alikuwa mwalimu anayeheshimika. Kuanzia mwaka 1431 alifundisha katika chuo cha Florence, na wanafunzi walimjia kwa wingi. Alifasiri kwa mashairi ya Kilatini utenzi wa mzaha wa vita vya vyura na panya, na kwa ombi la Papa Nicholas V alianza kuifasiri Iliadi ya Homer, lakini kifo kilimkuta akiwa bado mwanzoni. Hakuacha mengi. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyewajua wanazuoni hao wote, anasimulia kisa cha mwaka 1452, Mfalme Frederick III alipopita Florence akielekea Roma. Marsuppini alitoa hotuba nzuri aliyoiandaa. Katibu wa mfalme akajibu na kuuliza mambo yaliyohitaji jibu la papo hapo. Chansela akashindwa kujibu bila maandalizi, na ikabidi Manetti, yuleyule aliyemvika Bruni taji, asimame kuiokoa aibu ya mji.

Hatukileti kisa hiki ili kumcheka marehemu. Nani kati yetu hajawahi kuulizwa swali asilolitarajia mbele ya hadhara? Tunakileta kwa sababu kinaonesha umbali uliopo baina ya mtu na sifa aliyopewa. Mtu aliyekuwa mwalimu mzuri, mwenye kumbukumbu pana na kalamu ndogo, amegeuzwa kuwa mshairi ambaye dunia haikumtosha. Kwa mizani ya Bruni, mfasiri ameongeza.

Ulinganishi

Wahakiki wengi hupenda kulisifu kaburi la Desiderio kuwa ndilo kilele, na la Rossellino kuwa ndiyo ngazi. Hatuwafuati. Ikiwa swali ni nani aliyejua zaidi kuchonga majani, ushindi ni wa Desiderio. Lakini kaburi si shindano la majani. Lina mtu ndani yake, na mtu huyo ndiye matini chasili. Rossellino ameihamisha kwenye jiwe tabia ya maandishi ya Bruni: sentensi ndefu iliyopimwa, yenye viungo vinavyoshikana, isiyopiga kelele. Aliyewahi kusoma nathari nzuri ya kiserikali anaufahamu mtindo huo. Desiderio amehamisha nini? Amehamisha uhodari wake mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ijapokuwa kaburi la Marsuppini si baya, limejitembeza.

Inawezekana mtu akatupinga hivi: kaburi la pili lina mapambo mengi kwa sababu mtindo wa jiji ulikuwa umebadilika katika ile miaka 9, na waliolilipia walitaka jipya. Ni kweli mtindo hubadilika. Hata hivyo, mabadiliko ya mtindo hayamwondolei mfasiri wajibu wake kwa matini. Na kama marehemu aliacha kidogo, palikuwa na njia ya kukisema kidogo hicho kwa heshima: aonyeshwe akifundisha. Wanafunzi wake hawamo popote katika kaburi hilo, wala dalili yoyote ya darasa. Hilo ndilo pengo tunalolisikitikia zaidi kuliko wingi wa majani.

Wasia uliovunjwa

Tumemsifu Rossellino vya kutosha. Sasa tuseme upande wa pili.

Katika wasia wake wa mwaka 1439 Bruni aliagiza azikwe Santa Croce chini ya bamba la marumaru la kawaida, lisilo na mbwembwe. Alitaka kuwa sakafuni, pamoja na wengine. Badala yake akajengewa lango la ushindi lenye urefu wa zaidi ya mita sita, ndani ya kanisa la watawa walioapa ufukara. Kwa hiyo hata kaburi hili tunalolipenda limeanza kwa kutoitii sauti ya mwenyewe. Sharti la pili la tafsiri, kutoongeza, limevunjwa tangu msingi.

Je, tumlaumu nani? Mchongaji alifanya aliloagizwa. Waliotaka heshima hiyo walikuwa na sababu zao. Mji unaomtukuza chansela wake hujitukuza wenyewe. Taji la mlaureli kichwani mwake ni taji kichwani mwa Florence. Jambo hili halihitaji safari ya Italia kulifahamu. Mara ngapi mwanataaluma hupuuzwa akiwa hai, akiomba vitabu vya maktaba na karatasi za mtihani, kisha siku ya mazishi taasisi humiminika kwa mashada na hotuba? Bruni hakupuuzwa, ni kweli, alikufa tajiri na mwenye jina. Lakini kanuni inabaki: heshima za wafu mara nyingi ni hotuba ya walio hai juu yao wenyewe. Mhakiki anayesoma kaburi, au tanzia, au dibaji ya kitabu cha kumbukumbu, hana budi kuuliza ni nani anayesema na anataka nini.

Lugha ya jiwe

Limebaki suala la lugha yenyewe, na hapa ndipo tahakiki hii ilipokuwa ikielekea.

Maandishi ya makaburi yote mawili ni ya Kilatini. Watu wengi waliopita mbele yake, wachuuzi, wafumaji wa sufu, wanawake waliokuja misani, hawakukijua Kilatini. Walizungumza Kitoskana. Marsuppini anamwamuru mpita njia asimame kwa lugha ambayo mpita njia haielewi.

Inashangaza kwamba Bruni mwenyewe alilijua tatizo hili. Mwaka 1435, Florence, alibishana na Flavio Biondo kuhusu lugha ya Warumi wa kale. Biondo alishikilia kwamba Warumi wote, wasomi na wasio wasomi, walisema lugha moja, Kilatini. Bruni alikataa, aliona haiwezekani yaya na mpishi wamudu vinyambuo vyote vile, kwa hiyo lazima watu wa kawaida walikuwa na lugha yao nyingine. Isimu ya leo inampa haki zaidi Biondo, kwa maana tunajua kwamba Kiitaliano kilizaliwa kutokana na Kilatini hichohicho cha mitaani, na tunajua pia kwamba mtoto wa mkulima hutumia ngeli zote za lugha yake bila kufundishwa na mtu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewasikia watoto wakipatanisha viambishi uwanjani angeweza kumsahihisha Bruni.

Hata hivyo, mwaka mmoja baadaye, 1436, Bruni huyohuyo aliandika maisha ya Dante na ya Petrarch, na hakuyaandika kwa Kilatini. Aliyaandika kwa Kitoskana, ili watu wa mji wayasome. Humo akasema kwamba kila lugha ina ukamilifu wake na namna yake ya kusema kwa ufasaha. Kauli hiyo ilitoka kwa bingwa wa Kilatini wa wakati wake. Kaburini hamna hata neno moja la lugha hiyo aliyoitetea.

Na kile kitabu kifuani? Kilikuwa cha Kilatini nacho. Mwaka 1473, chini ya miaka 30 baada ya mazishi, Donato Acciaiuoli alikamilisha kukifasiri kwa Kitoskana kwa agizo la serikali, na mwaka 1476 tafsiri hiyo ikapigwa chapa Venice. Mfasiri akafasiriwa. Wale wachuuzi na wafumaji waliokuwa wameona kitabu cha jiwe kilichofungwa, sasa walau baadhi yao wangeweza kukifungua cha karatasi. Kwa maoni yetu heshima hiyo ilimfaa Bruni kuliko tai na nguzo.

Haki inatutaka tuongeze neno moja kwa upande wa mchongaji. Maandishi yaliwafungia nje wasiojua Kilatini, lakini sanamu haikuwafungia. Mtu asiyejua kusoma kabisa angeweza kusimama mbele ya kaburi la Bruni akaelewa: huyu alikuwa mtu wa kitabu, alikufa akiwa nacho, na mji ulimlilia. Rossellino aliusema ujumbe huo kwa lugha ya kila mtu, wakati mtunzi wa maandishi alizungumza na wachache. Ndiyo sababu, pamoja na kasoro zote tulizozitaja, bado tunaliweka kaburi hilo juu ya lile la ng'ambo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba makaburi haya mawili yanaweza kusomwa kwa mbinu zilezile tunazozitumia darasani, na kwamba yakisomwa hivyo yanatoa hukumu mbili tofauti. La Bruni ni tafsiri nzuri ya mtu, yenye kosa moja kubwa la kutotii wasia wake na jingine la kuwasahau wasomaji. La Marsuppini ni kazi ya fundi bora zaidi, aliyempoteza mtu katikati ya ustadi.

Tunapendekeza walimu wa uhakiki wayatumie kama zoezi. Picha zake zinapatikana kwa urahisi katika vitabu vya historia ya sanaa na kwenye intaneti. Wanafunzi wapewe picha mbili bila majina wala maelezo, waulizwe: Jicho lako linatua wapi kwanza, na kwa nini? Ni pambo gani ungeliondoa bila maana kupungua? Kisha waambiwe habari za maisha ya marehemu, warudie kujibu. Wale wa mwaka wa mwisho wanaweza kuongezewa swali la tatu: andika maneno yasiyozidi 25, kwa Kiswahili, ya kuwekwa juu ya kaburi la mwalimu wa lugha, pasipo kutaja cheo wala tarehe, na yaeleweke kwa mpita njia yeyote wa mji wako.

Tumelijaribu swali hilo la tatu sisi wenyewe katika kikao cha idara, na tunakiri kwamba ni gumu kuliko linavyoonekana. Majibu ya wanafunzi yatakayotufikia tutayasoma kwa makini, na yaliyo bora tutayachapisha katika toleo lijalo.